Bibi Yake Anaondoka na Yeye Yuko Shule ya Nyuklia: Nimwambie au Ninyamaze?

BARUA

Asalaam aleykum Shangazi,

Naandika hii nikiwa kwenye gari nje ya kazini, nimetoka shifti ya usiku na nimeona nisiwashe gari kwanza mpaka niyatoe haya, maana nikifika nyumbani nitaanza kupika na kufua na siku itapita tena. Naishi Texas mwaka wa kumi na tisa huu, nafanya kazi nyumba ya wazee, kwetu ni Muheza mkoa wa Tanga. Nina watoto watatu, anayenileta kwako ni wa kwanza, ana miaka 20.

Huyu mtoto, nikuambie ukweli, sikumlea mimi. Nilimwacha kwa mama yangu ana mwaka na nusu nikaja huku kutafuta maisha, baba yake akanifuata, makaratasi yakachelewa na kuchelewa, mpaka anafika huku ana miaka kumi. Karibu mwaka mzima alikuwa ananiita "mama wa simu", mama mwenyewe kwake ni bibi yake. Bibi ndo kamfundisha kusali, kamfundisha kupanda mchungwa na kushuka bila kuvunja tawi, akiumwa alikuwa anamtaka bibi wakati mimi nimekaa pembeni ya kitanda. Sikuwahi kumlaumu.

Mwaka jana akajiunga na nevi ya Marekani. Akafanya mtihani wao akafaulu sana, wakamwambia wewe unafaa nyuklia, yani wale wanaoendesha kinu cha nyuklia ndani ya nyambizi na zile manowari za kubeba ndege. Huko bila uraia hawakuchukui, na yeye alishaupata kupitia sisi kabla hajafika 18. Mkataba miaka sita. Baba yake alitangaza mpaka msikitini, na ile bonasi ambayo mtoto hajaishika hata senti mwenzangu ameshaitafutia kiwanja Kigamboni, mi nacheka tu.

Akaenda depo, iko Great Lakes kule juu ya Chicago. Wakaturudishia boksi lina nguo alizoondoka nazo, jinzi, raba, mkanda. Shangazi nililifungua jikoni nikalia kama wameniletea msiba. Basi akamaliza, tukaenda kumuona anapiga kwata, mrefu, kanyooka, nikasema alhamdulillah. Wakampeleka Goose Creek, South Carolina, ndo ziliko shule zao. Akaanza na ufundi wa umeme miezi kadhaa, sa hivi yuko kwenye ile wanayoiita pawa skuli, miezi sita, huu ni wa nne. Akitoka hapo bado ana miezi mingine kama sita ya kujifunza kwenye kinu chenyewe kinachowaka, ndo apangiwe meli.

Hiyo pawa skuli inamla mwanangu. Wanasoma hesabu, fizikia, kemia, mambo ya joto na maji kwenye mabomba, vyuma, kinu, kila kitu na haraka haraka. Vitabu ni siri ya serikali, havitoki kwenye jengo, simu unaiacha nje, hata karatasi ulioandika kwa mkono wako mwenyewe hutoki nayo, kwa hiyo ukitaka kupiga msuli unarudi hukohuko darasani mpaka usiku. Mitihani haiishi. Alama ni juu ya nne, chini ya 2.5 umefeli, na yeye anachezea 2.6, 2.7, mara moja ameangukia 2.4. Na ni mtoto aliyekuwa anaongoza darasa huku high school bila hata kufungua daftari. Anapiga simu Jumapili tu, dakika kumi, sauti imekauka. Wiki mbili zilizopita kanambia "mama natamani nilale tu nisiamke", nikamwambia huo uchovu tu, kunywa maji, ule vizuri.

Sasa mama yangu. Mwezi wa sita alianza kuvimba tumbo, wakampeleka hospitali Tanga, ikaonekana ni saratani ya ini na imeshaenea. Daktari kawaambia wadogo zangu mrudisheni nyumbani mkamuuguze huko. Wewe unajua maana yake hiyo kauli. Akili yake ipo, anaongea, na kila siku anauliza mjukuu wangu yuko wapi, mbona hapigi, wamempeleka vitani? Kuna jirani kamwambia nyuklia ni bomu, na wifi yangu naye kasema kwenye grupu la familia kwamba mtoto akikaa na ile mionzi hatazaa, ikawa vita, nikatoka kwenye grupu nikarudishwa.

Mtoto hajui chochote. Baba yake amekataa katakata asiambiwe. Anasema akiambiwa ataanguka mtihani, atadisko, watamfukuza, na maisha yake yameishia hapo kwa jambo ambalo hawezi kulibadilisha. Ananipa mfano wake mwenyewe, alipokuwa Mlimani mwaka wa pili mama yake alifariki katikati ya mitihani, wakamficha, akaja kuambiwa amemaliza pepa la mwisho na mama ameshazikwa siku tisa. "Na nilifaulu," ndo anavyomalizia kila mara.

Mi nimeshakata tiketi, naondoka baada ya wiki mbili na nusu. Kule nitakaa mwezi. Jumapili atapiga, saa moja jioni ya kwake ni saa nane usiku Muheza, ataniuliza mbona nanong'ona, uko wapi mama, nitamjibu nini? Nimdanganye nimekaa chini ya paa la bibi yake? Na mama akifa kwetu hatukai na maiti, anazikwa siku hiyohiyo au kesho yake, kwa hiyo hata akiambiwa siku hiyo akapewa ndege siku hiyo atakuta kaburi limeshafukiwa.

Nikimwambia naogopa nitamuua kimasomo. Nisipomwambia naogopa hatanisamehe, na nitakuwa mama wa simu tena mpaka nakufa. Na mbele kuna hiyo nyambizi, anasema anataka nyambizi, huko si ndo hata simu hakuna? Nisaidie Shangazi. Usinitaje jina.

Mama wa Muheza, Texas

MAJIBU YA SHANGAZI

Waaleykum salaam mama wa Muheza. Pole. Pole ya mama yako kwanza, naianza makusudi nitakuja kukuambia kwa nini.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ninavyoielewa, una watu wawili unaowapenda, mmoja anaondoka na mwingine anapigania kubaki kwenye shule ngumu, na umewekwa katikati ushike mlango kati yao. Mumeo anasema ufunge, mama yako anabisha hodi upande wa pili kila siku akimuulizia mjukuu wake, na tiketi uliyokata imekuwekea tarehe. Hakuna njia hapa isiyoumiza, kwa hiyo sitakuambia fanya hivi, ila kuna mambo nataka tuyageuze geuze pamoja.

Lakini kabla ya yote kuna mstari umeupita haraka mno. "Natamani nilale tu nisiamke." Inawezekana kabisa ni uchovu, vijana wa pale wanalala masaa machache na wengi wanaongea hivyohivyo. Inawezekana pia sio uchovu peke yake. Mimi na wewe hatuwezi kujua kwa kukisia, kinachojulisha ni kuuliza, na kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo ambalo hana. Jumapili hii muulize kwa Kiswahili cha kawaida: mwanangu, uliposema unatamani usiamke ulimaanisha usingizi au ulimaanisha kufa? Halafu nyamaza, mwache ajibu hata ikichukua dakika nzima. Akisema ni usingizi, mshukuru. Akisitasita au akakujibu la pili, usisubiri Jumapili nyingine, kuna namba 988 inayopatikana saa zote Marekani nzima, mwanajeshi akishaunganishwa anabonyeza 1, na wewe mzazi pia unaweza kupiga ukiwa na wasiwasi naye. Na kuna sheria iliyopitishwa 2021 inaitwa Brandon Act inayompa mwanajeshi haki ya kumwambia mkubwa wake nataka kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, bila kutakiwa aeleze sababu. Vijana wa nyuklia wengi huogopa wakisema hivyo watanyang'anywa ile ruhusa ya usalama, ya kushika siri za serikali, na kazi ikaisha. Kuna wanaosimamishwa kwa muda wakatibiwa wakarudi, kuna wanaobadilishiwa kazi, sitakudanganya kwamba haigusi chochote. Ila hofu hiyo ndo inawafanya wengine wakae kimya mpaka wanavunjika, mfano umeuona humohumo nyumbani kwenu wa watu kunyamaza kwa sababu ya mtihani.

Ukishamuuliza hilo ndo utajua hata hili la bibi unalipeleka kwa mtoto wa aina gani, aliyechoka au anayezama. Usiyachanganye kwenye simu moja.

Sasa nije kwa baba watoto. Nisingependa umuone kama adui, naona ni mtu anayemlinda mwanawe kwa silaha pekee aliyopewa. Kwetu kuficha msiba ni desturi ya huruma, sote tumewahi kupigiwa simu "njoo nyumbani mama anaumwa kidogo" na ukishuka kwenye basi unaona watu wamekaa kwenye mikeka. Lakini umesema huwa anamalizia na "nilifaulu", na mimi ningependa kusikia yale mengine. Alipofika akakuta kaburi la siku tisa alifanya nini? Aliongea na nani? Yule aliyeamua afichwe, alikuja kumsamehe? Umewahi kumuuliza mama, au hata wewe uliipokea hiyo hadithi kama cheti? Muulize usiku mmoja bila kumtaja mtoto wala Goose Creek. Pengine atakuambia alishukuru kweli, wapo wanaoshukuru, usidhani najua jibu. Pengine itatoka kitu ambacho miaka yote kimekaa chini ya hilo neno.

Halafu kuna hili ambalo nyote wawili mmelichukua kama halina mjadala, kwamba akianguka mtihani watamfukuza na maisha yameisha. Sivyo inavyokwenda mara nyingi. Akifeli mtihani mmoja kwanza anaongezewa masaa ya lazima ya kusoma na mwalimu anamkalia karibu. Akiendelea kufeli anakaa mbele ya bodi ya masomo, wanaangalia alama, bidii, na kinachomsibu, na bodi inaweza kuamua aendelee, au arudi nyuma aungane na darasa linalomfuata, au atolewe nyuklia. Na anayetolewa nyuklia kwa alama kwa kawaida hatolewi nevi, anapewa kazi nyingine kulingana na mahitaji ya jeshi, inaweza kuwa kazi asiyoipenda kabisa na bonasi inaweza kwenda na maji, kiwanja cha Kigamboni kikabaki ramani. Inauma, sio mchezo. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kupoteza kozi na kupoteza maisha, na nina wasiwasi mtoto mwenyewe ameshaacha kuiona hiyo tofauti, maana nyumbani hakuna anayeitaja.

Na mnaamini kwamba asipojua atafaulu. Sina uhakika. Tayari yuko 2.6 hajui kitu. Watoto wa simu, samahani natumia neno lako, wana masikio makali kuliko watu waliolelewa wamekaa na mzazi, miaka tisa alijifunza kusoma sauti yako kwa sekunde chache. Unadhani hajasikia kitu toka mwezi wa sita? Na grupu la familia lenye wifi yako ndani yake, hiyo siri inategemea watu wangapi wasikosee kidole kwenye WhatsApp? Nadhani hili mngeliweka mezani na mumeo wazi kabisa, kwamba mnaweza kuamua kunyamaza lakini hamna uwezo wa kuhakikisha kimya. Kuna uwezekano akaambiwa na binamu kwa ujumbe wa "pole sana kaka" Alhamisi usiku, mtihani Ijumaa asubuhi.

Kuna kitu kuhusu hiyo shule nimekuwa nikikifikiria. Mpango mzima wa nyuklia wa nevi ya Marekani ulijengwa na mzee mmoja, Hyman Rickover, naye alikuwa mhamiaji, aliletwa kutoka Poland akiwa mtoto. Nyambizi ya kwanza duniani kwenda kwa nguvu ya nyuklia, USS Nautilus, iliondoka bandarini Januari 1955 chini ya mpango wake, na yeye aliung'ang'ania mpaka 1982. Mkali, wengi hawakumpenda, ila alikuwa na sheria moja ambayo mwanao anaimezeshwa kila siku mpaka leo: kosa likitokea kwenye kinu unalisema, hata dogo, hata la kwako mwenyewe, hata linakuaibisha. Manahodha wa meli zake walitakiwa kumwandikia yeye moja kwa moja wakieleza matatizo. Na mwaka 2014 palepale Goose Creek, karibu na Charleston, mabaharia zaidi ya thelathini waliondolewa kwa wizi wa majibu ya mtihani, waliwekezwa pesa na muda wote ule na bado wakaondolewa, kwa sababu mtu anayeficha jambo kwenye kitabu atakuja kuficha jambo kwenye kinu. Sasa fikiria kijana anayefundishwa hivyo Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili anapigia nyumba iliyoamua kumficha. Sisemi kwamba familia ni kinu, familia ina haki ya kufunika mambo kwa mahaba. Nasema tu utakapomweleza baadaye "tulikuficha kwa faida yako", atakuwa anayapima hayo maneno kwa mizani ambayo wewe hukumpa.

Umeuliza kuhusu nyambizi, nijibu hapo maana inahusiana. Ndiyo, kule hakuna simu, chombo kikipiga mbizi wanakaa wiki, wakati mwingine miezi, barua pepe zinapita kwa kuchungwa na zinafika pale tu chombo kinapoweza kupokea. Hakuna anayelazimishwa nyambizi, ni ya kujitolea, anaweza kuomba manowari ya kubeba ndege ambayo ina watu kama elfu tano na mawasiliano yana afadhali. Lakini nikupe jambo la Waingereza. Kwenye nyambizi zao za Trident, zile za makombora ya nyuklia, baharia kabla ya kuondoka anaulizwa: likitokea jambo baya nyumbani, unataka uambiwe ukiwa baharini au usubiri urudi? Anachagua mwenyewe, anaandika. Wengine huchagua wasiambiwe, kwa sababu hata wakijua hawawezi kutoka. Sio waoga hao, wanajijua. Utaona kwamba hawamwachii mama wala nahodha aamue peke yake, anaulizwa mwenye moyo.

Ingekuwa rahisi nikuambie muulize mwanao swali hilohilo, na kweli ni njia mojawapo. Lakini ina mtego wake, ukimuuliza mtu ghafla Jumapili "ungetaka kuambiwa habari mbaya lini?" umeshamwambia. Labda lingefaa kuulizwa siku alipoondoka, kabla hakujawa na habari. Bado unaweza kuliuliza kwa yanayokuja, kwa ajili ya nyambizi, na kwa hili la sasa ukaenda kwa njia ya nusu: mwambie bibi anaumwa, ni mkubwa, nimekata tiketi nakwenda kumuuguza, nitakuwa nakupigia nikiwa Muheza. Hapo hujadanganya na hujamwaga yote. Yeye ataamua aulize kiasi gani. Akiuliza "ni mbaya mama?" basi amekuchagulia, na itabidi umjibu. Hatari ya njia hii ni kwamba nusu habari inaweza kumkosesha usingizi kuliko habari nzima, kuna watu kichwa chao kikipewa pengo kinalijaza kwa mabaya zaidi. Wewe unamjua mwanao ni wa namna gani. Au bibi yake anamjua, muulize bibi! Akili yake ipo umesema. Katika watu wote mnaogombania hili jambo yeye hajaulizwa hata mara moja, na mjukuu ni wake. Anaweza kukushangaza, wazee wa namna hiyo wakati mwingine ndo wanasema mwacheni mtoto asome nitaongea naye siku nyingine. Au atasema nipeni simu.

Kama mtaamua aambiwe yote, kuna mlango ambao mumeo pengine haujui. Jeshi lina likizo ya dharura, na kwa kawaida bibi hahesabiwi, wanahesabu wazazi, mke, watoto, kaka na dada. Lakini kuna utaratibu wa mtu aliyesimama mahali pa mzazi, aliyemlea. Miaka zaidi ya nane, mama. Ujumbe unapitia Red Cross ya Marekani, wao wanawasiliana na hospitali au daktari kule Tanga kuthibitisha hali, halafu wanapeleka kwa wakubwa wake. Hakikisha unapoongea nao huishii kusema "bibi", sema ndiye aliyemlea toka ana mwaka na nusu. Wadogo zako watafute makaratasi ya daktari mapema, na jina la mtu anayeweza kupokea simu. Uamuzi unabaki kwa makamanda wake, wanaweza kukataa, na akiruhusiwa karibu ni hakika atakosa masomo ya kutosha kumrudisha darasa la nyuma, ambalo kwa kijana aliyechoka inaweza kuwa pigo au ikawa pumzi, sijui. Na kwa kuwa ana ruhusa ya usalama hawezi kupanda tu ndege kwenda Tanzania, safari ya nje anatakiwa aitolee taarifa na aidhinishwe kabla. Mwisho wa mwaka shule huwa inasimama wiki kama mbili, wengine wangesubiri hapo. Wewe ndo unajua kama bibi anasubirika.

Akiambiwa, asiambiwe na simu ya dakika kumi halafu abaki peke yake kwenye bweni. Pale kuna cheplini, kasisi wa jeshi, hata kama siye wa dini yenu anahudumia wote, na kwenye nevi ya Marekani unachomwambia cheplini hakitoki bila ruhusa yako, hata kamanda hawezi kumlazimisha. Mpe jina hilo kabla hujampa habari.

La mionzi nilipitie haraka kwa ajili ya wifi. Wanavaa kipimo mwilini kinachosomwa mara kwa mara, kinu kimezungushiwa ngao nzito, na wenyewe mabaharia wana utani kwamba chini ya maji wanapata mionzi kidogo kuliko mtu anayeota jua ufukweni, kwa sababu bahari inawakinga na ile inayotoka angani. Watu wa nyambizi wanazaa tena sana. Na kinu sio bomu, ni jiko la kuchemshia maji, mvuke unasukuma meli, mwambie hivyo mama yako, mtu aliyepika maisha yake yote ataelewa kuliko huyo jirani.

Sasa nirudi nilipoanza. Nimekupa pole ya mama yako kwanza kwa sababu kwenye barua nzima umeniambia mtoto wako anampoteza bibi, mume wako alimpoteza mama, na hukusema hata mstari mmoja kwamba wewe unafiwa na mama yako. Umeniambia makosa yako ya miaka kumi na tisa, kuondoka, boksi, mama wa simu. Nimejiuliza kama hofu ya "hatanisamehe" yote ni ya huyu kijana, au nyingine ni ya kule Muheza, ya binti aliyemwachia mama yake mtoto akasema nitamchukua mwakani. Kama ipo, ipeleke kwa mwenyewe, yuko hai, una wiki mbili na nusu. Ukishalia naye nadhani hata lile swali la Jumapili utalijibu kwa sauti nyingine, wewe na mumeo mkiamua kusema au mkiamua kunyamaza.

Kuna kitu kimoja cha kufanya leo ambacho hakivunji msimamo wa yeyote. Mwambie mdogo wako awashe simu amrekodi mama, sio wasia, asimpe maneno ya kusema. Amuulize tu machungwa ya mwaka huu yamekujaje, nani anaiba, ule mti wa karibu na choo bado unazaa? Dakika tano tano, kila siku, sauti tupu inatosha. Halafu zitunze, utaona mwenyewe Jumapili gani umtumie.

Shangazi